Uzi: Flashi za zamani kwenye kamera za dijitali, pima volti kabla hujaipachika

#1 LenziYaRau (Moshi)

Wakuu, habari za kazi. Kila msimu wa kipaimara na harusi swali hili linarudi: "Nimepata Vivitar 283 kwa bei nzuri, naweza kuiweka juu ya kamera yangu?" Jibu haliko kwenye jina la flashi. Liko kwenye volti zinazokaa kwenye mguu wake (kipande cha chini kinachopachikwa juu ya kamera) ikiwa imejaa chaji, na volti hizo hutofautiana hata kati ya flashi mbili zenye jina moja.

Kamera za filamu za zamani zilifyatua flashi kwa vipande viwili vya chuma vilivyogusana shata ikifunguka. Chuma kilistahimili volti 200 bila shida. Kwenye kamera ya leo kazi hiyo inafanywa na swichi ndogo ya elektroniki, na swichi hiyo ina kikomo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 kinaitaka kamera ihimili volti 24. Nikon wanaandika 250 kwa DSLR zao (kamera za dijitali zenye kioo ndani). Canon ni 250 kwa miili kama 5D na 1D, lakini zile za mwanzo kabisa, yaani D30, D60, 10D na 300D, kikomo ni volti 6. Ndiyo, sita.

Upande wa flashi sasa. Vivitar 283 zilizoandikwa Japani nyingi hupimwa juu ya volti 200, na zipo zinazokaribia 300. Zilizofuata za Korea na China kwa kawaida ziko chini ya 10. Vivitar 285 ya kwanza itilie shaka. 285HV ni ya volti ndogo. Watu wengi wanaikimbia 285HV kwa sababu ya hizo herufi mbili wakidhani zinataja volti za kufyatulia, kumbe zinahusu tundu la kuchomekea pakiti ya betri ya nje yenye volti kubwa. Metz 45 CT-1 za mwanzo ziko juu, za baadaye zilishushwa. Nikon SB-24, SB-26 na SB-28, na Canon 430EZ na 540EZ, zote ni za volti ndogo.

Hata hivyo pima. Weka betri nne mpya, washa, subiri kitaa cha utayari kiwake, kisha ongeza dakika nzima maana kitaa huwaka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi) ikiwa bado haijajaa. Maltimita iwe kwenye volti za DC, kipimo cha 600 au 1000. Ncha nyekundu kwenye pini ya katikati ya mguu, nyeusi kwenye kibati cha pembeni, ambacho kwenye flashi nyingine kimejificha ndani ya mfereji. Kama flashi ina waya wa PC (waya wa kuifyatulia) badala ya pini, nyekundu iguse sindano ya katikati na nyeusi iguse ganda la nje. Usiruhusu ncha zigusane. Flashi itapiga usoni mwako na itabidi usubiri ijae upya. Ukishapata namba, iandike kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya flashi yenyewe, ili hata atakayeiazima aione.

Karibuni muongeze.

#2 NgarenaroStudio (Arusha)

Shukrani mkuu. Naomba kufahamishwa: 283 ya Japani, maltimita ya njano DT830, inasoma volti 74. Kamera ni Nikon D7100. Kwa kikomo cha 250 naona iko salama kabisa. Niipachike?

#3 FundiKapasita (Moshi)

Usiipachike bado. Hiyo 74 si namba ya kweli.

DT830 na ndugu zake wana ukinzani wa ndani wa megaomu 1 tu. Flashi ya zamani hupeleka volti kwenye mguu kupitia rezista kubwa, nyingi ni megaomu 1 na kuendelea. Ukigusisha mita, mita yenyewe inageuka mzigo na kuivuta volti chini. Chukua flashi yenye volti 230 na rezista ya ndani ya megaomu 2.2: mita ya megaomu 1 itasoma 230 gawanya kwa 3.2, yaani kama 72. Umeona ilivyo karibu na yako?

Kuna njia mbili za kupata namba ya kuaminika. Ya kwanza, azima mita yenye ukinzani wa megaomu 10. Mita nyingi zinazojichagulia kipimo zenyewe ziko hivyo, na kijitabu chake kinaandika. Ya pili ni kuirekebisha DT830 kwa rezista mbili za megaomu 4.7, ambazo fundi redio yeyote anazo. Ziunge mfululizo, ncha moja iende kwenye waya mwekundu wa mita na nyingine ndiyo iguse pini ya flashi. Nasema mbili, si moja ya 10, kwa sababu rezista ndogo ya robo wati kwa kawaida imepangiwa volti 250 na hapa unaweza kukutana na 300. Jumla sasa ni megaomu 10.4, hivyo weka mita kwenye kipimo cha 200, soma, kisha zidisha kwa 10.4. Ikisoma 18 ujue una volti 187 kwenye ncha.

Na bado hapo imepungua kidogo, kwa sababu rezista ya ndani ya flashi haijaondoka. Kwa mfano ule ule wa volti 230, utasoma kama 190. Kwa hiyo namba yoyote unayopata kwenye flashi ya zamani ichukulie kuwa ndiyo ya chini, ya kweli iko juu yake.

#4 NgarenaroStudio (Arusha)

Nimekupata fundi. Nimeunga rezista kama ulivyoelekeza, inasoma 19.5. Sawa na volti 203.

#5 MeruF8 (Arusha)

203 iko ndani ya 250 ya Nikon. Kwa maandishi inaruhusiwa. Sioni tatizo akiipachika.

#6 FundiKapasita (Moshi)

Kaka MeruF8, kwa maandishi uko sahihi. Lakini 203 ya mita hiyo inaweza kuwa 240 halisi. Hicho kikomo pia kinahusu kamera ambayo kiatu chake (pale juu flashi inapopachikwa) ni kikavu na safi. Weka hapo jasho la mkono, au vumbi la kiangazi lililochanganyika na unyevu wa asubuhi, umeme wa volti 200 na zaidi unapata njia ya kutambaa kutoka pini ya katikati hadi vile vipini vidogo vya mawasiliano vilivyo milimita chache pembeni, ambavyo havikutengenezwa kwa volti hizo. Swichi ikiungua, kiatu kinakufa, na kwenye baadhi ya kamera ubao mzima hubadilishwa.

Kanuni ninayoishikilia: chini ya volti 24, pachika popote penye pini ya katikati, isipokuwa zile Canon nne za volti 6. Juu ya 24, flashi isiguse mwili wa kamera hata kama kijitabu kinaruhusu. Iende kwenye stendi.

#7 LenziYaRau (Moshi)

Naunga mkono. Tena flashi ya kwenye stendi inatoa picha nzuri kuliko ya juu ya kamera, kwa hiyo hupotezi chochote. Njia ziko tatu.

Redio ya kufyatulia flashi ndiyo bora. Transmita inakaa juu ya kamera na kamera inaona volti ndogo za transmita tu; flashi inakaa kwenye risiva. Hapo kikomo kinahamia kwenye risiva, kwa hiyo soma karatasi yake: zipo zinazoandika volti 300 na zipo zinazoishia 12. Risiva ya 12 chini ya flashi ya 203 itaungua kama ambavyo kamera ingeungua.

Ya pili ni jicho la mwanga, kile kidude kinachoona flashi nyingine ikipiga na kufyatua ya kwako. Mengi yamejengwa kwa thairista (swichi ya elektroniki) inayohimili volti kubwa na hayahitaji betri. Ndani ya ukumbi yanafanya kazi vizuri. Nje kwenye jua la saa sita jicho linapofuka, na kwenye harusi yenye wapiga picha watatu litafyatuka kwa flashi ya kila mtu.

Ya tatu ni kishusha volti kama Wein Safe-Sync, kinachokaa kati ya flashi na kiatu na kushusha volti hadi kiwango salama. Kinafaa kwa anayelazimika kubeba flashi juu ya kamera.

#8 NgarenaroStudio (Arusha)

Jicho la mwanga ninalo. Nafyatua kwa flashi ya ndani ya D7100, ile ya Vivitar inawaka naiona kwa macho, lakini kwenye picha mwanga wake haupo. Shata 1/125.

#9 MeruF8 (Arusha)

Flashi ya ndani iko TTL, yaani kamera yenyewe inapima mwanga wa flashi. Inapiga mwanga mdogo wa kupimia kwanza, jicho linauona huo, Vivitar inafyatuka mapema na shata bado haijafunguka. Wakati picha inachukuliwa yenyewe ndiyo kwanza inajichaji. Ingia menyu ya flashi ya ndani, ibadilishe iwe M (unaweka mwenyewe), nguvu 1/32 au chini zaidi. Mwanga wa kupimia utakoma na vyote vitapiga pamoja.

#10 NgarenaroStudio (Arusha)

Imekubali. Asante sana kaka.

#11 DadaFokasi (Moshi)

Habari zenu kaka zangu. Canon 250D na flashi ya Nikon SB-28, volti 4 kwenye mita nzuri. Haipigi kabisa. Nimesafisha mguu, betri mpya, kitufe cha kujaribia kinapiga.

#12 LenziYaRau (Moshi)

Dada, angalia kiatu cha kamera yako. Katikati ya kiatu pana pini moja kubwa? Kwenye 250D haipo. Canon waliiondoa, na 4000D nayo haina. Vipo vipini vidogo tu vinavyozungumza na flashi za Canon. Flashi yoyote inayotegemea pini ya katikati haitapiga hapo, wala transmita ya redio ya kawaida. Hujakosea kitu na flashi haina ubovu.

Suluhisho ni transmita iliyotengenezwa mahsusi kwa Canon inayozungumza kupitia vile vipini vidogo, yenye risiva yake ya kuwekea SB-28. Kabla ya kununua, iwekwe juu ya kamera yako na ijaribiwe mbele yako. Au tumia jicho la mwanga pamoja na flashi ya ndani, ukikumbuka alichosema MeruF8 kuhusu mwanga wa kupimia.

Anayetafuta mwili wa kamera wa mtumba kwa kazi ya flashi, iwe Arusha au Moshi, jambo la kwanza ni kuinamisha kamera na kutazama kiatu. Kitazame kabla ya kuuliza idadi ya picha zilizopigwa.

#13 MeruF8 (Arusha)

Niongezee hapo kwenye vipini. Flashi za zamani za kampuni moja zikiwekwa kwenye kamera ya kampuni nyingine, vipini vyake vidogo vinaweza kuangukia juu ya vipini vya kamera vyenye kazi tofauti kabisa. Kata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, funika vipini vyote vya mguu isipokuwa kile kikubwa cha katikati. Vibati vya pembeni viachwe wazi. Canon Speedlite 199A kwenye kamera ya Fujifilm, SB-26 kwenye Canon, zote zifanyie hivyo.

Kwa mwenye Nikon SB ya zamani kwenye Nikon ya dijitali: isiwe TTL, kamera itagoma kupiga. Weka A (oto ya flashi yenyewe) au M.

#14 Kiboriloni_Picha (Moshi)

Kwenye meza za vifaa vya mitumba unakuta flashi imekaa miaka mingi bila kuwashwa. Unaijuaje nzima hapo hapo sokoni?

#15 FundiKapasita (Moshi)

Nenda na betri zako nne za alkali, usitegemee za muuzaji.

Anza na chumba cha betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vibati ni betri iliyovuja. Kama chemchemi bado ni imara inasafishika: betri ya alkali ikivuja hutoa kitu cha besi, kwa hiyo siki au ndimu kwenye pamba ya masikio, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke. Betri za kawaida za bei ndogo hutoa asidi, hizo tumia magadi yaliyolowanishwa kidogo. Chemchemi iliyokatika au waya uliogeuka kijani mpaka ndani, acha.

Tazama taa kupitia kioo. Mrija wenye weusi mzito kwenye ncha zake umefanya kazi nyingi. Kioo cha plastiki kilichobadilika rangi kuwa kahawia kitatia rangi kwenye picha.

Washa. Sikiliza mlio: unaanza mzito na kupanda taratibu hadi mwembamba kadiri kapasita inavyojaa. Mlio unaobaki pale pale huku betri zikipata joto ni kapasita inayovuja, au imekufa. Ukimya kamili ni mgusano wa betri au oskileta, saketi inayopandisha volti za betri.

Lakini usiihukumu kwa mara ya kwanza, na usibonyeze kitufe cha kupiga papo hapo. Kapasita ya elektroliti ina utando mwembamba wa oksaidi ndani unaozuia umeme usipite. Ikikaa miaka bila chaji utando huo hudhoofika, na kuushtua kwa pigo kamili kunaweza kuimaliza. Subiri kitaa, hata kikichukua sekunde 40. Kikishawaka zima bila kupiga. Pumzisha dakika chache, washa tena. Mara ya tatu muda ukiwa umepungua sana, kapasita inaamka. Ukifika nyumbani endelea hivyo, kisha iache ikiwa imewashwa kwa nusu saa, halafu piga mapigo matano hivi ukiachanisha dakika moja moja. Kama baada ya hapo bado inachukua zaidi ya sekunde 20 kwa betri mpya, kapasita imechoka.

Baada ya hapo iwashe mara moja kila mwezi. Na betri zisikae ndani, hasa Machi hadi Mei mvua zikikaza.

#16 Kiboriloni_Picha (Moshi)

Kapasita ikiwa imechoka inabadilishwa?

#17 FundiKapasita (Moshi)

Inabadilishwa, ila naomba hili lisomwe polepole.

Kapasita ya flashi hubeba kama volti 330. Yenye mikrofaradi 1000 kwa volti hizo inahifadhi jouli 54, na inazimwaga zote kwa mara moja. Hiyo inaua. Inabaki na chaji hata betri zikiwa zimetolewa, kwa saa nyingi, wakati mwingine siku. Kwa mtu asiyezoea kufungua vifaa vya umeme ushauri wangu ni mmoja: usifungue, mpelekee fundi na umwambie kabla hajashika bisibisi kwamba ni flashi.

Kwa anayejua kazi: toa betri, fungua ganda bila kuingiza vidole, mkono mmoja ukae mbali. Punguza chaji kwa rezista ya waya ya kilo-omu 2.2, wati 10, iliyoungwa kwenye nyaya mbili zenye ncha zilizofunikwa. Ishikilie sekunde 15 kwenye miguu ya kapasita, kisha pima. Ikiwa juu ya volti 5 rudia. Usiifupishe kwa bisibisi. Cheche yake inayeyusha chuma na kuharibu miguu ya kapasita. Unapoweka mpya, chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya flashi, volti zisiwe pungufu ya zile za awali na mikrofaradi zilingane. Kapasita ya kawaida ya pawasaplai yenye namba zile zile itapata joto, haikujengwa kumwaga umeme kwa kasi hiyo.

#18 DadaFokasi (Moshi)

Na betri zipi hasa? Kuna anayeuza za litiamu zenye umbo la AA, zinachajiwa, anasema flashi itajaa haraka mara mbili.

#19 LenziYaRau (Moshi)

Dada, za aina hiyo zipo za volti 3.7 kila moja. Nne ni volti 14.8 kwenye saketi iliyotengenezwa kwa 6. Itajaa haraka siku hiyo hiyo moja, kisha oskileta inaungua. Usizitie.

Tumia NiMH za kuchaji, kama Eneloop. Zina volti 1.2 tu kila moja lakini zinatoa mkondo mkubwa bila kulegea, kwa hiyo flashi inajaa haraka kuliko kwa alkali. 283 kwa alkali mpya ni kama sekunde 10, kwa NiMH kama 7. Za bei ndogo zisizo za alkali hazifai hata kwa majaribio. Beba seti tatu kwa send-off moja, ukitenganisha zilizotumika na ambazo bado. Seti moja ikichanganya betri yenye chaji na isiyo na chaji, ile dhaifu inageuzwa na kuharibika.

Adapta za ukutani zilizokuja na flashi kutoka Marekani ni za volti 120. Kwetu ni 230. Zichukulie kuwa hazipo.

#20 UsaRiver_M (Arusha)

Wakuu, upande wa vifaa nimeelewa. Sasa ukumbini unawekaje namba? Nimezoea TTL.

#21 MeruF8 (Arusha)

Kamera M. Kasi ya shata isizidi ile ya sinki (ya juu kabisa ambayo flashi bado inaangaza picha nzima): D7100 ni 1/250, Canon 6D ni 1/180, nyingi ni 1/200. Ukitumia redio shuka hadi 1/160 au 1/125, kwa sababu redio inachelewesha kidogo na utapata ukanda mweusi ukingoni mwa picha. Ndani ya mipaka hiyo shata haigusi mwanga wa flashi, inagusa mwanga wa ukumbi tu. Hapo ndipo uhuru ulipo: apecha (tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) zinatawala flashi, shata inatawala taa za mapambo nyuma ya maharusi. Ukitaka nyuma kung'ae zaidi, shuka 1/60.

Nguvu ya flashi inasemwa kwa namba elekezi. Ya 283 ni mita 36 kwa ISO 100. Gawanya kwa umbali kutoka flashi hadi kwa mtu, unapata apecha ya nguvu kamili: mita 3 ni f/12, yaani f/11 na chenji, mita 4.5 ni f/8. Mita 9 ni f/4. ISO ikizidishwa mara nne namba elekezi inazidishwa mara mbili, hivyo kwa ISO 400 ni 72.

Ukielekeza darini unahesabu safari nzima ya mwanga. Dari la mita 4, flashi usawa wa macho, mtu yuko mita 3 mbele: mwanga unasafiri kama mita 5.7. 72 gawanya kwa 5.7 ni kama f/12.6, kisha toa vituo viwili (kila kituo ni kupunguza mwanga kwa nusu) ambavyo dari jeupe linameza, inabaki f/6.3. Kwa hiyo ISO 400, f/5.6, nguvu kamili. Ukipandisha ISO hadi 800 unapiga nusu ya nguvu kwa f/5.6 ile ile, flashi inajaa haraka na mrija haupati joto. Sensa za siku hizi hazilalamiki kwa 800, kwa hiyo chukua hiyo njia. Mapigo ya nguvu kamili yasizidi 15 au 20 mfululizo, ipumzishe dakika 10, la sivyo kioo kitaanza kuyeyuka.

Angalizo la kumbi zetu: dari likishafunikwa vitambaa vya mapambo, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa. Vitambaa vya zambarau vitampa bibi harusi ngozi ya zambarau na gauni la zambarau, na hakuna mizani ya weupe inayoitenganisha hiyo na nyuma. Hapo acha dari. Weka stendi na mwavuli mweupe mita 2.5 pembeni.

#22 LenziYaRau (Moshi)

Kwa anayekimbizana na matukio, asidharau oto ya flashi yenyewe. Si TTL, jicho lililo usoni mwa flashi linapima mwanga unaorudi na thairista inakata umeme ukitosha. Unaweka ISO kwenye kibao cha flashi, unachagua rangi moja, kibao kinakuambia apecha, unaiweka apecha hiyo hiyo kwenye kamera. Kamera haijui kinachoendelea, na haihitaji kujua. Mtu akisogea kutoka mita 2 hadi 5 flashi inajirekebisha yenyewe. 283 kwa karibu sana hukata hadi 1/30000 ya sekunde.

Jicho lazima litazame mtu, hata kichwa kikiwa kimeelekezwa darini. Na gauni jeupe likijaza fremu jicho litadanganyika na kukata mapema; fungua apecha nusu kituo hadi kimoja. Suti nyeusi ni kinyume chake.

285HV ina M ya kamili, 1/2, 1/4 na 1/16. Hakuna 1/8, usiitafute. 283 haina ngazi hizo kabisa mpaka upate kile kifaa cha VP-1 kinachokaa mahali pa jicho.

#23 UsaRiver_M (Arusha)

Safi sana. La mwisho, kamera ni ya Sony isiyo na kioo (mirrorless). Nikiweka f/8, 1/160 ukumbini, skrini inakuwa nyeusi, sioni mtu.

#24 MeruF8 (Arusha)

Kamera inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, kwa sababu haijui flashi ipo. Kwenye menyu ya mwonekano wa skrini zima ile ya kuonyesha athari za mipangilio. Canon na Fujifilm zisizo na kioo zina chaguo kama hilo. Kisha hakikisha shata ni ya mitambo. Kwenye kamera nyingi shata ya kimya ya elektroniki haifyatui flashi. Kwenye DSLR za Canon ukipiga kwa kutazama skrini, zima upigaji wa kimya, vinginevyo flashi isiyo ya Canon haitapiga.

#25 NgarenaroStudio (Arusha)

Samahani narudi tena. Ile Vivitar ya volti 203 sasa iko kwenye stendi na jicho la mwanga kwa waya wa PC. Mkononi inapiga vizuri. Nikiibana kwenye kishikio cha mwavuli inapiga yenyewe mara moja ikijaa, halafu haipigi tena.

#26 FundiKapasita (Moshi)

Kishikio ni cha chuma kitupu? Kinaunganisha pini ya katikati ya mguu na vibati vya pembeni, sawa na kubonyeza kitufe bila kuachia. Bandika tepu nyeusi ya umeme tabaka mbili chini ya mguu, ifunike pini yote, ndipo ubane. Kwa volti 203 usiishike hiyo sehemu ya chuma ikiwa imewashwa kabla hujaweka tepu.

Ikiendelea kupiga mara moja na kuganda hata baada ya tepu, zima na uwashe: ikipiga moja tena na kuganda, thairista ya jicho inabaki ikipitisha umeme kwa mkondo mdogo unaotoka kwenye flashi. Jaribu jicho lingine. Isipopiga hata hiyo moja, pima upya mguu na uangalie kama mita inaonyesha alama ya kutoa. Kuna flashi za zamani zilizogeuzwa, pini ya katikati ikiwa hasi, na thairista hupitisha umeme upande mmoja tu. Hapo ni kugeuza nyaya mbili za waya wa PC.

#27 NgarenaroStudio (Arusha)

Ilikuwa kishikio. Tepu tabaka mbili, inapiga kila mara sasa.